Ungo wa shangazi ndani ya ndege

Leo upepo umeninyang'anya ungo hapa nyumbani Arua, nikacheka peke yangu.

Mnajua kwa nini?

Miaka ya tisini nilimsindikiza shangazi yangu wa Koboko kwenda Entebbe kutibiwa macho. Uwanjani Arua, ndege yetu ndogo ikageuzwa kuelekea upepo unakotoka.

Shangazi akagoma kupanda.

"Hii ndege iko naenda kupigana na upepo! Hata baiskeli nataka upepo ya nyuma!"

Rubani akaonyesha kwa kidole ungo ambao shangazi alikuwa amebeba kumpelekea binti yake.

"Mama, elekea upepo. Inua ungo mbele kidogo."

Ungo ukaruka juu, nusura umponyoke.

Rubani akasema, "Bawa ya ndege iko vilevile. Upepo ya mbele nainua ndege mapema."

Shangazi akapanda. (Bila kuniangalia!)

Tukaacha ardhi. Mabati ya Arua yalisogea polepole chini yetu, lakini sisi tulikuwa tunapanda kweli kweli.

Nikageuka nimwonyeshe.

Shangazi amekaza ungo magotini kwa mikono miwili, ameinua ukingo wake wa mbele.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Nyamaza. Mimi iko nasaidia."

Tulifika salama. Anayebisha kwamba alisaidia, aandike hapa chini.