Dumu la Dada Yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni ya pikipiki imeshafika barabarani mbele ya kituo cha kukusanyia maziwa, Bigwa. Shamsia Mkude anachota maziwa kwenye dumu la mzee mmoja, anayamimina kwenye silinda, kisha anatumbukiza kipimo cha kioo. Kinazama kuliko inavyotakiwa.

"Shikamoo mzee. Haya yana maji."

"Marahaba. Mvua imeninyeshea njiani, mwanangu."

"Mvua haifungui mfuniko."

Anayamwaga mtaroni. Mzee anaondoka bila kuaga.

Mwaka juzi Shamsia, mwenye umri wa miaka 43, hakuwa hivi. Asubuhi moja ya Februari kipimo kilizama vilevile kwenye dumu la dada yake, Mwajuma, aliyekuwa na ng'ombe wawili huko juu milimani. Mmoja alikuwa amekauka maziwa, naye Mwajuma akaongeza maji ya kijito ili lita kumi zitimie.

"Aliniambia, 'Leo tu, mdogo wangu. Usinitie aibu mbele za watu,'" anasimulia Shamsia. "Nikaandika daftarini kuwa ni safi."

Mchuuzi alilichukua dumu hilo, akayauza maziwa mabichi mitaa ya Kilakala. Siku mbili baadaye watoto wanne walilazwa kwa kuhara na kutapika. Watatu walipona. Abuu, mwenye mwaka mmoja na miezi minane, hakupona.

Hakuna aliyemshuku Shamsia. Alikwenda mwenyewe kwa afisa afya, akaeleza yote. Kisha akaenda kwa Nasra, mama yake Abuu.

"Nilimkuta amekaa mkekani. Akaniuliza, 'Ulijua?' Nikamjibu, 'Nilijua yana maji.' Akaniambia niondoke kabla mumewe hajarudi kutoka msikitini."

Alisimamishwa kazi miezi minne bila mshahara, akarudishwa kwa onyo la maandishi. Mwajuma alizuiwa kuleta maziwa kwa mwaka mzima, akauza ng'ombe wote wawili. Ndugu walimsihi Shamsia abadili maelezo, aseme kipimo kilikuwa kibovu. Alikataa. Desemba iliyopita binti wa Mwajuma aliolewa. Mama mdogo wake hakualikwa.

"Mama alipofariki, dada ndiye aliyenilea," anasema, akikausha silinda kwa kitambaa. "Angalau huyo yupo, naweza kumwomba radhi. Abuu nitamwomba wapi?"

Siku hizi hupima kila dumu mnunuzi akiwa anatazama. Jumamosi huzunguka Kilakala akiwahimiza akina mama wachemshe maziwa kabla ya kumpa mtoto. Mlango wa Nasra huupita bila kubisha hodi.

Mfungo ukiisha anakusudia kupanda mlima na ndama jike aliyemnunua Ngerengere, ampelekee Mwajuma.

"Asiponipokea, nitamfunga ndama uani kwake niteremke. Akinipokea, ndama atakua, atazaa, na siku moja dada ataleta dumu hapa," anasema. "Nitalipima."