Gari Lisilo na Sakafu

Theluji nyeupe ni ya kadi za salamu. Ile ya barabarani Alby, kwetu Sweden, miaka ile ya themanini, ilikuwa ya kahawia, imechanganyika na chumvi ya kuyeyushia barafu na mafuta ya magari, kama uji uliomshinda mgonjwa. Hata sasa nikiikumbuka nasikia kinyaa.

Mimi ni mtu wa ndani. Nipe chai na blanketi, Sweden nzima nitaijulia kochini. Lakini nilikuwa nimenunua gari la zamani, lenye mgongo wa mviringo, kwa sababu lilipendeza. Waswidi wenye magari ya aina hiyo huyafunika turubai hadi theluji iishe. Mimi mjuaji nikaliendesha Januari. Chumvi ikala sakafu upande wa abiria, nami nikaziba tundu kwa zulia.

Asubuhi moja basi halikutokea, na mdogo wa mke wangu alikuwa na usaili wa kazi hospitalini Flemingsberg. Sehemu nyingine tatu walikuwa wamekwisha kumkataa. Mke wangu akanitoa kochini.

"Shemeji, gari lako linanuka mbwa," alisema yule mdogo wake akiingia.

"Mbwa wa mwenye gari wa kwanza. Ni urithi."

"Na wewe umeongeza nini?"

Hapo lori la chumvi likasimama ghafla mbele yetu. Nikakanyaga breki, gari likaserereka hadi kwenye dimbwi la tope. Zulia likainuka. Uji ule ukamrukia miguuni, ukajaa ndani ya viatu vyake vya usaili.

Alitazama chini, kisha akanitazama mimi.

"Shemeji, hapa hapana sakafu."

"Ipo, ila imechoka."

Kwenye maegesho ya hospitali alivua viatu, akavimwaga nje. Vikatoa vipande vya kutu na kitu chenye manyoya ambacho hatukukichunguza. Nikamvulia buti zangu na soksi. Soksi alizishika kwa ncha za vidole.

"Heri tope," akasema. Lakini akavaa, akaenda akiburuta miguu kama bata.

Nikabaki peku, magoti kidevuni, nikinusa mbwa na miguu yangu mwenyewe. Ilikaribia saa nzima.

Alirudi amevaa viatu vyeupe vya wodini. Buti zangu zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili.

"Naanza Jumatatu," akasema. "Msimamizi kaniazima hivi. Hizo zako kasema zisiingie tena mle."

"Haya, panda twende."

Akanipitishia mfuko dirishani.

"Basi limeanza kutembea, shemeji. Nimeliona."