Abiria wa Geti la Highrise

Kwa karibu mwaka mzima, miaka ya tisini ikianza, nilisimama kila asubuhi nje ya geti la mtaa wa magorofa wa Nyayo Highrise nikingoja gari la kwenda kazini, na sikuwahi kulala ndani ya geti hilo hata siku moja. Nilikaa Laini Saba, mtaa wa mabanda wa jirani, chumba kimoja cha udongo na mabati, mimi, mke wangu na watoto wawili.

Mambo yalianza na karatasi. Kiwanda chetu cha sabuni kule Industrial Area kilikuwa kimechoka na watu wa ofisini kuchelewa. Meneja akaamua kwamba kila mwenye gari atapewa mafuta na kampuni, mradi abebe wenzake wanaokaa njia moja naye. Karatasi ikabandikwa kwenye ubao karibu na mlango. Uliandika jina lako, na mbele yake mahali unapokaa. Mimi nilikuwa nimetoka tu kupandishwa, kutoka kupakia makatoni hadi karani wa stoo, na masomo yangu yaliishia darasa la saba. Walionitangulia walikuwa wameandika mitaa ya heshima, Buruburu, Umoja, South C. Kalamu ilikuwa mkononi na watu walikuwa nyuma yangu. Nikaandika Highrise.

Mwenye gari letu alikuwa mhasibu. Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 504 ya zamani, nyeupe, aliyoachiwa na marehemu kaka yake. Alitoka nalo Kawangware na hakuficha. Alisema wazi kwamba anakaa kwa ploti nyuma ya soko na kwamba asubuhi anapanga foleni ya choo kama wapangaji wengine. Alikuja na mpiga taipu, dada mpole wa hukohuko Kawangware, kisha wakamchukua fundi wa mashine pale Ngong Road. Kwa hiyo ndani ya gari lile hapakuwa na mtu wa kuonewa haya. Nilijua hivyo wiki ya kwanza, na bado sikusema.

Nilitoka nyumbani na viatu vya plastiki, vile vya ngozi vikiwa kwenye mfuko. Karibu na lami nilibadilisha, vya plastiki nikamwachia mama muuza mandazi, kisha nikafuata ukuta na kusimama kando ya askari wa geti kama mtu aliyetoka ndani. Fundi alipenda kunitania.

"Niaje, mtu wa ghorofa. Maji imefika huko juu leo?"

Nilimjibu kwamba bado yanasumbua. Majibu nilikuwa nayo kwa sababu mke wangu alifua nguo za watu wa Highrise. Yeye ndiye aliyejua ni lini maji yamekatika na ni ngazi gani haina taa. Nilipomweleza mara ya kwanza kuhusu ile karatasi alicheka sana. Baadaye hakucheka tena. Alianza kuchelewa kutoka nyumbani, mpaka gari letu liwe limeshaondoka, ili asinikute pale. Sikumwomba afanye hivyo. Sikumkataza pia.

Mvua ndefu zilipoanza, kifua kilimshika. Alikohoa akifua na alikohoa akipika, na kila nilipomwambia aende hospitali alisema ataenda wiki ikiisha.

Asubuhi moja nilisahau funguo za stoo nyumbani. Gari lilikuwa limeshafika na mguu wangu mmoja ulikuwa ndani nilipomwona mke wangu anakuja mbio kando ya ukuta, leso imefungwa kiunoni, kandambili zimejaa matope. Alinipa funguo mkononi. Alishika boneti ya gari na kukohoa, akiwa ameinama.

Mpiga taipu akaniuliza huyo ni nani.

"Ni mama anayetufulia nguo," nikasema.

Alisikia. Alikuwa karibu nami kama vile kalamu hii ilivyo karibu na karatasi. Aliinua uso, na kabla sijajua pa kutazama, alinisaidia.

"Pole, bosi," akasema. "Uliziacha kwa mfuko wa suruali. Nilikuwa nataka kuiloweka."

Nyumbani aliniita Baba Watoto.

Mhasibu akazima injini. Akasema kifua kama hicho si cha kutembea nacho, apande, fundi atasogea, tutazunguka tumshushe hospitalini kabla ya kwenda kazini. Fundi alikuwa tayari amesogea. Mke wangu alinitazama mimi, akangoja.

Nilifikiria kitabu cha hospitali na jinsi mlangoni angeulizwa anakaa wapi na mumewe ni nani, nao wakisikia.

"Atatembea," nikasema. "Amezoea."

Akashukuru, akarudi alikotoka. Nilifunga mlango wa gari.

Hospitali alienda, lakini baada ya wiki tatu, nikiwa nimemshika mkono. Alilazwa siku tisa. Daktari hakuniambia kwamba zile wiki tatu zingebadilisha chochote. Mimi sikumwuliza.

Desturi ya kazini kwetu ilikuwa kwamba mtu akifiwa, wenzake wa gari ndio wanaotangulia kumfikia, na sukari na majani ya chai na unga. Nilituma habari ofisini kupitia jirani, bila kusema msiba uko wapi, nikitumaini hawatakuja. Walikuja Jumamosi. Walienda Highrise, askari akawaambia mtu kama huyo anamwona tu hapo nje asubuhi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua na marehemu akasikia wanavyouliza, akawaleta kwa miguu, mhasibu amebeba unga begani.

Waliinama kuingia mlangoni. Picha yake ilikuwa mezani kwenye kitambaa cheupe. Mpiga taipu aliisogelea, akaitazama, kisha akanitazama mimi na kukaa chini polepole.

"Ndiye yule," nikasema. "Ndiye mke wangu."

Shemeji zangu walikuwa wakipanga vikombe. Mhasibu aliweka unga chini, akapangusa mabega, akabaki amesimama.

"Ningempeleka, ndugu," akasema. "Hata kama tungechelewa sote."

Walikunywa chai na mhasibu akaomba. Peugeot ile ndiyo iliyowafikisha shemeji zangu Kitui kuzika. Mhasibu aliendesha mwenyewe, na hakunitajia asubuhi ile tena.

Niliporudi kazini gari lilinichukua kando ya barabara, upande wa Laini Saba, nikiwa na viatu vya plastiki miguuni. Fundi alifungua mlango akasogea. Aliniuliza watoto wanaendeleaje. Hakunitania siku hiyo, wala siku nyingine yoyote, mpaka mhasibu alipouza gari na kila mtu akatafuta njia yake. Miezi yote hiyo nilikaa kiti cha nyuma pamoja nao, na nilikuwa na muda wa kuwaeleza mke wangu alikuwa mtu wa namna gani. Walikuwa wamemwona mara moja tu. Sikuwaeleza.