Pasta alisema "kamateni bulongo", mama mdogo akaenda kuileta kweli

Wakuu, salamu kutoka Butembo. Haya sikuhadithiwa na mtu na sitatia chumvi. Nina hasira, mnivumilie.

Mama mdogo wangu na watoto wake wanaishi kwetu Vulamba tangu walipokimbia mauaji upande wa Manguredjipa. Huko ameacha shamba la kakao, na ndani ya shamba hilo, kaburi la mumewe.

Sasa hapa mtaani amekuja pasta mgeni, mdomo asali. Akahubiri nchi ya ahadi. Eti sisi ni Israeli, Kanani yetu iko mbele. Akamaliza kwa kelele:

"Siku ya Mungu yenye kuya, kila mutu akamate bulongo yake, akuye nayo mbele ya Bwana!"

Yaani Jumapili ijayo kila mtu aje na bulongo yake. Kwa wasiojua, huku kwetu bulongo ni ardhi, na udongo pia ni bulongo.

Mama mdogo alisikia udongo.

Hakuaga mtu. Alipanda pikipiki hadi pale ambapo madereva wanakataa kuendelea, akaingia msituni kwa miguu. Kule hata wanaume wanaogopa! Simu haikupatikana. Nyumbani tulishaanza kulia kama wafiwa.

Akarudi miguu imevimba, ncha ya kitenge imefungwa fundo. Ndani yake, udongo wa pembeni ya kaburi.

Jumapili akaupeleka mbele, mimi nyuma yake. Pasta akachungulia, akacheka. Wakuu, ALICHEKA.

"Mais mama, mimi nilisemaka kiroho! Mwanga ile inje, itachafula carreaux." Yaani aumwage nje, usije ukachafua vigae vya kanisa!

Mama mdogo hakuinamisha kichwa.

"Pasta, bwana yangu alikufaka kiroho? Na njala ya batoto yangu, ni ya kiroho?"

Wengi mle kanisani ni wakimbizi kama yeye. Akafunga fundo lake, tukatoka.

Tangu siku hiyo nasoma Biblia kwa hasira. Ibrahimu aliahidiwa nchi nzima, lakini mkewe alipofariki ilibidi anunue mahali pa kumzika. Na Kanani ilikuwa na wenyewe, ama? Tunaitwa Israeli, lakini waliofukuzwa mashambani hapa ni nani kama si sisi?

Sikatai mbingu. Naitamani. Ila huwezi kumpa mtu mbingu ili asiulize habari za shamba lake.

Nilichojifunza: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mhubiri, ukiwa mbele ya walionyang'anywa ardhi, chunga sana neno ardhi. Kuna mtu atakuamini.

Udongo ule uko chini ya mto wa kulalia wa mama mdogo. Jana nilimuuliza tuumwage wapi.

"Hapana kumwanga," akasema. "Tutairudisha kwayo, kule kwa shamba."

Haya, tuambiane, kwenu nchi ya ahadi mnahubiriwa iko wapi? Matusi nitavumilia. Ila asinijibu mtu "kiroho".