Folda ya Sala

Kompyuta yangu ilijisasisha yenyewe siku ya Jumapili, bila kuniuliza, na Jumatatu programu ninayosomea barua pepe ikawa mzigo. Nikibofya barua moja, dirisha linageuka jeupe, alama ya kusubiri inazunguka, nami napata muda wa kwenda jikoni, kuchemsha chai na nikirudi naikuta bado inazunguka. Mimi ni mfasiri. Kazi zangu zote huingia na kutoka kwa barua pepe, na wateja wangu hawataki kusikia habari za kompyuta. Rafiki zangu husema siku hizi watu husomea barua kwenye simu, na kwamba Kigali nzima nimebaki peke yangu ninayezihifadhi ndani ya mashine. Huwa nawajibu kwamba nimezoea. Ukweli ni kwamba nina kichwa kigumu, na kichwa hicho kimenigharimu zaidi ya kuchelewesha kazi za watu.

Wakati huo ilikuwa imepita miezi mitano tangu dada yangu afariki, na nilikuwa sisemi na mume wake. Siku ya tatu ya ikiriyo, zile siku za kukaa msibani, watu wakiwa wamejaa uani kwao Gikondo, nilisimama nikauliza kwa nini nilifichwa. Dada yangu aliumwa miezi minne. Mimi, mdogo wake wa pekee, nilikuja kujua zikiwa zimebaki wiki tatu, alipokuwa hawezi tena kujigeuza kitandani wala kuongea sana. Shemeji alinijibu kwa sauti ya chini, "Alikuandikia." Nikamwambia ni mwongo. Nilimwambia hivyo mbele ya majirani, mbele ya watu wa kanisa lao, mbele ya watoto wake wawili. Aliwachukua watoto, akaingia nao ndani.

Niliporudi nyumbani Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, nilifungua kikasha cha barua zinazoingia, nikatafuta jina la dada. Hapakuwa na kitu cha miezi ile. Nikaifunga kompyuta nikiwa na uhakika wangu, na uhakika huo nikaulea miezi mitano. Ulinisaidia. Mtu akiwa na hasira halii sana.

Hasira yenyewe ilikuwa na sababu. Sisi tulikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na mama alipokufa dada ndiye aliyenilea, naye akiwa bado msichana wa shule. Alinifunga vifungo vya shati, alinipeleka darasa la kwanza akinishika mkono, akasimama nje ya dirisha mpaka nilipoacha kulia. Kama kuna mtu aliyestahili kuambiwa kwamba anaumwa, ni mimi. Nilijirudia hilo kila siku, nikiwa naoga, nikiwa natafsiri mikataba ya watu, ndege zikipita juu ya bati langu.

Basi, programu ilipokwama nilihangaika nayo kwa siku mbili. Niliizima na kuiwasha. Nikapima intaneti, nikakuta haina tatizo. Nikaondoa vikorokoro vyote nilivyokuwa nimeviongeza kwenye programu, nikaizuia programu ya kukinga virusi isiikague kila barua, nikafuata ushauri wa watu wa mtandaoni ambao kila mmoja alikuwa na dawa yake na hakuna iliyotibu. Siku ya tatu mteja mmoja akanipigia kuuliza kama niko hai. Nikaitia kompyuta kwenye begi, nikapanda moto, zile pikipiki za abiria, hadi mtaa wa Gitega.

Fundi wangu ni mama wa makamo, Mwislamu, ambaye chumba chake cha kazi anakigawana na kaka yake mshonaji. Kwao Kiswahili ni lugha ya nyumbani, kwa hiyo huwa tunaelewana bila kuhangaika. Alisogeza vitambaa, akaiweka kompyuta mezani, akaiangalia muda mrefu bila kugusa kitu. Mvua ilikuwa imeanza. Cherehani ya kaka yake ilikuwa ikienda na kusimama, nami nilikuwa nimenuna, maana nilishazoea kununa.

"Kompyuta iko mzima, mzee," aliniambia mwishoni. "Programu ndio iko inabeba mzigo."

Akanieleza. Mfumo ukishabadilishwa, programu inaanza upya kusoma barua zote za zamani, moja moja, ili ijitengenezee orodha mpya. Kwa watu wengi kazi hiyo inakwisha kwa siku moja. Kwangu inafika kwenye folda moja inakwama, kwa sababu folda hiyo ni nzito kuliko zote nyingine zikijumlishwa, imejaa picha na video, na kila nikiifungua programu inaanza tena mwanzo. Akanionyesha kwa kidole. Folda hiyo iliitwa Sala. Akauliza kama naihitaji.

Nilicheka, nadhani kwa mara ya kwanza wiki ile. Folda ile ilikuwa upande wa kushoto wa kioo kwa miaka mingi, nami nilishaacha kuiona, jinsi mtu anavyoacha kuona kalenda ya zamani ukutani.

Dada yangu alikuwa mtu wa kupeleka mbele kila barua aliyotumiwa na wengine. Sala za asubuhi, novena, picha za malaika, nyimbo za kwaya, onyo la kuwatumia watu saba la sivyo baraka itakukosa, vyote alivibofya vikanijia. Mimi kanisa niliacha zamani, na lilimuuma. Kumwambia aache sikuweza. Kukaa kimya nako kusingewezekana, kwa sababu mkubwa wako akikuombea ni lazima uitikie, hivyo ndivyo tulivyolelewa, na yeye asipoona jibu alikuwa akipiga simu kuuliza kama nimeipata. Ndipo siku moja nikaipa programu agizo. Barua yoyote ya dada yenye alama ya kupelekwa mbele iingie folda ya Sala, ihesabiwe kuwa imesomwa, na ijibiwe papo hapo: "Amina, dada yangu. Mungu akubariki wewe na nyumba yako." Nakumbuka nilijiona mjanja. Nakumbuka pia kwamba simu za kuuliza zilikoma, nikasahau.

Nikamwambia fundi afute. Hakugusa. Ana utaratibu wake, na wateja wote wanaujua: hafuti kitu cha mtu mpaka mwenyewe akifungue, akiangalie, ndipo aseme tena. Nikamwambia ni takataka tu za sala. Akanigeuzia kompyuta, akaenda kumsaidia kaka yake kukunja kitambaa.

Nikafungua, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Dirisha likawa jeupe, nikasubiri. Barua zikaanza kujipanga, za karibuni juu. Sala ya mgonjwa. Sala ya asubuhi. Sala ya mgonjwa. Nilishuka nazo, wiki baada ya wiki, na mahali fulani kabla ya Kwaresima, katikati ya novena na wimbo wa kwaya, nikaona barua isiyofanana na nyingine. Kichwa chake kilisema: Matokeo ya vipimo. Ilikuwa imetoka kliniki kwenda kwake, na yeye akaipeleka mbele kwangu. Juu ya maneno ya daktari alikuwa ameandika:

"Mdogo wangu, soma hii ya daktari hapo chini. Nimeshindwa kukuambia kwenye simu, mdomo umekataa. Jumanne narudi kwake na baba watoto hajapewa ruhusa kazini. Naomba unisindikize. Naogopa kuingia peke yangu."

Pembeni mwa barua palikuwa na kimshale kidogo, kile kinachoonyesha kwamba imejibiwa. Nilikwenda kwenye folda ya barua zilizotumwa, ingawa nilishajua. Jibu langu lilikuwa limeondoka dakika ileile. Amina, dada yangu. Mungu akubariki wewe na nyumba yako.

Siku iliyofuata aliituma tena barua ileile, bila neno lolote juu yake. Akajibiwa Amina.

Fundi alirudi, akauliza kama afute sasa. Nilisema hapana. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu hakuuliza sababu, alisema tu kwamba kama inabaki hapo programu itaendelea kuchelewa, na kwamba angeweza kuihamishia kwenye diski ya pembeni. Nikamwambia aiache mahali pake. Lile agizo ndilo nililomwomba aliondoe. Dada hakuwepo tena wa kuandika, lakini sikutaka liendelee kukaa mle.

Kutoka Gitega nilikwenda moja kwa moja Gikondo, kompyuta nikiwa nimeifunika kwa mfuko wa nailoni. Shemeji ni fundi wa magari, nikamkuta gereji, chini ya gari. Alipoona viatu vyangu alijitoa taratibu, akakaa kitako palepale kwenye boksi lililokunjuliwa. Alikulia Uganda, na Kiswahili chake amekiokota hukohuko gereji. Nikamwambia nimeiona barua. Nikamwambia nilimwita mwongo mbele ya watu, na kwamba niko tayari kwenda kuwaambia watu hao, mmoja mmoja, kwamba yeye hakuwa mwongo.

Hakuonekana kushangaa wala kufurahi. Aliniambia kwamba jibu langu alilijua tangu siku lilipofika, dada alimwonyesha kwenye simu. Yeye alikasirika, akauliza ni mtu gani anaandikiwa maneno kama yale anajibu Amina. Dada akanitetea. Alisema mimi nina aibu tangu utotoni, sijui kusema, lakini angalau nimesali. Jumanne akaenda kwa daktari peke yake. Nikamuuliza shemeji kwa nini siku ile msibani hakuyasema yote hayo ili aninyamazishe. Alisema aliona nimesimama mbele ya watu, na hakutaka kumwaibisha mdogo wa mke wake.

Ningependa angenitukana. Badala yake aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa, akaniambia lililobaki.

"Kila asubuhi alikuwa anakutumia sala, anangoja Amina yako. Ikifika ndio anakunywa dawa. Siku unachelewa, anangoja tu, anasema utajibu. Alifurahi sana, shemeji. Alisema umerudia kusali."

Zile siku za kuchelewa nazijua. Agizo lile lilifanya kazi pale tu kompyuta yangu ilipowashwa, na mimi si mtu wa kuamka mapema. Ningeweza kunyamaza. Nilitamani kunyamaza, nimwachie yeye hilo moja zuri alilonalo juu yangu. Lakini nilikuwa nimeshamwita mwongo mtu asiye mwongo, na sikuweza kuondoka pale nikiwa mwongo mimi.

"Zile Amina hazikuwa zangu," nikamwambia. "Ni kompyuta iliyokuwa ikijibu. Niliipa agizo. Sikuwahi kufungua hata moja."

Mwenzake upande wa pili alikuwa akigonga chuma, akaacha, akaanza tena. Shemeji alikitazama kile kitambaa, akakikunja mara mbili, akakiweka mfukoni.

"Watoto usiwaambie," alisema. "Mimi nimewaambia mjomba alisali na mama yao mpaka siku ya mwisho."

Kisha akarudi chini ya gari.

Programu yangu bado inachelewa. Kila asubuhi naifungua mapema, dirisha linageuka jeupe, nami nasubiri, halafu nasoma sala moja ya dada kutoka folda ile, kwa kufuata alivyozituma. Siwezi kusema kwamba nasali. Nasoma tu, kwa kuwa zilitumwa kwangu.

Jumapili iliyopita shemeji alinialika kula kwao, na sijui kama ni yeye au ni watoto waliotaka. Chakula kilipowekwa mezani, mtoto mkubwa aliniomba niombee chakula. Alisema mama alipenda nilivyokuwa nikisali. Nilimtazama shemeji, yeye akaangalia sahani yake. Nikasimama. Kichwani nilikuwa na sala moja tu, ile niliyoisoma asubuhi, nikaitamka yote mpaka mwisho bila kukosea, maneno ya dada yangu yaliyopitia kwa watu wengi kabla ya kunifikia. Watoto wakaitikia Amina kwa sauti, na baba yao pia, taratibu. Mimi sikuweza kuitikia.