Jicho Lisiloshonwa

Vita vilipofunga barabara za kwetu Kivu Kaskazini, mama yangu alijikuta hapa Lubumbashi na magunia sita ya maharagwe katika depo yetu, ghala la mtaa wa Kampemba, na jicho moja. Lile jingine lilikufa zamani. Sasa hili nalo likaanza kuingia giza pembeni. Daktari alisema retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho, imebanduka. Isiporudishwa upesi, mama hataona tena.

"Nitatoboa matundu tatu kwa jicho, mama," alimweleza, "nyembamba kama sindano. Vyombo inapita mule. Hakuna kushona, inajifunga yenyewe."

"Bila uzi?" mama akashangaa. "Docta, miye niko nauzisha maharagwe tangu zamani. Gunia yenye haishonwe, inamwangika."

Tulicheka sote. Operesheni ikaenda vizuri. Daktari alijaza gesi ndani ya jicho ili isukume retina ishikane mahali pake, akaagiza mama alale kifudifudi siku saba, gesi ipande nyuma ya jicho kwenye retina.

Siku ya pili nilikwenda sokoni kununua unga. Kurudi, namkuta kalala chali, mikono kifuani, katulia kama askofu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Gunia yenye haina uzi, tunaisimamisha mudomo juu," alinijibu. "Nikilala uso chini, jicho itamwangika yote."

Hasira zangu ziko karibu. Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia mlangoni. Kisha nikauona woga wake, nikaona haya. Nikachukua mpira wa wanangu, nikauchoma kwa sindano ya pampu, nikaujaza, nikachomoa, nikamshikisha.

"Upepo inatoka?"

Akauminya, akauweka sikioni. "Haitoke."

"Ni nani ameishona?"

Akageuka mwenyewe kifudifudi, akinung'unika kwamba mpira si jicho. Lakini zile saa alizolala chali ziliniondolea usingizi, nikawa namwomba Mungu hata nikisonga bukari, ugali wetu.

Wiki zikapita, gesi ikaisha. Asubuhi moja nilikuwa nachagua maharagwe ya gunia la mwisho kutoka kwetu. Mama akaja, akainama juu ya ungo, akanyoosha vidole viwili, akachomoa kijiwe kidogo chenye rangi ileile ya maharagwe.

"Na hii? Unataka kulisha bantu majiwe?"

Nililia palepale kwa furaha. Naye akaendelea kunigombeza, huku akitoa kijiwe cha pili.