Vidole Gumba Vinane vya Imfizi

Siku yangu ya kwanza kazini, chef wa garaji, yaani mkubwa wa kazi, kule Bugarama alinipa kitambaa na kuniambia nifute moteri ya kamyo, yaani injini ya lori. Nikafuta mpaka ikang'aa kama sahani ya mgeni. Akarudi, akaitazama, akasema, "Vizuri sana. Sasa nionyeshe mafuta yalikuwa yanavujia wapi." Nilikuwa nimefuta yote. Ndivyo nilivyoingia katika umekanika, na mnaosoma haya mjue kwamba shule niliiacha mapema, hata herufi zangu zinaegemeana kama walevi.

Zamani hizo hatukuwa na vipuri. Tanki ikitoboka tuliziba kwa sabuni. Radiateri ikivuja tulitia unga wa muhogo, maji yakichemka unakuwa ugali mwembamba na kuziba tundu lenyewe. Shida ni kwamba gari ilinuka chakula, na mimi nimemuona mbuzi akiifuata kamyo kilomita nzima. Lakini hiyo si habari ya leo.

Baada ya vita, kazi ya Bugarama ilipopungua, nilipanda Kamembe, kwenye garaji moja ya barabara inayoshuka mpakani, Rusizi ya Kwanza. Mkubwa wetu wa huko tulimwita Chef tu. Alikuwa mufupi, alifundishwa kazi Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo, na hakugusa moteri kabla hajaitukana kwanza.

Kulikuwa na mteja wetu, Papa Furaha, Munyarwanda aliyezaliwa Kongo, aliyerudi na familia yake, magodoro na gari moja ya Amerika. Ilikuwa na milango miwili, kapo, yaani boneti, ndefu kama kitanda, na moteri ya silinda nane, nne huku na nne kule. Watu waliiita Imfizi, yaani ng'ombe dume, kwa sababu ya sauti. Basi binti yake Furaha akachumbiwa na kijana wa wakulima wa mpunga wa Bugarama. Siku ya posa, mujomba mmoja wa kule alitania kwamba waliotoka Kongo wamerudi na nyimbo tu. Papa Furaha akasimama, akasema, "Binti yangu atafika kanisani ndani ya Imfizi." Maneno ya posa hayarudishwi mdomoni.

Arusi ilipangwa Jumamosi, kanisani Nyakarenzo. Jumatano inayofuata ilikuwa Majivu, na Kwaresima haina arusi. Padri mwenyewe alikuwa na misa nyingine mbali mchana ule. Ukikosa saa yako, unangoja Pasaka ipite, na katika miaka ile nani alijua Pasaka itatukuta wapi?

Asubuhi ya Jumamosi Papa Furaha akaja garajini mbio, tai shingoni, viatu mkononi.

"Chef, kuya! Imfizi amekufa!"

Tukaenda kwake. Kumbe shangazi wa bibi arusi alikuwa ameiosha gari. Aliosha nje, akaosha ndani, kisha akafungua kapo. Akaona nyaya za bujie, zile zinazopeleka moto kwa kila silinda, nyeusi kwa grisi. Akazichomoa zote nane, akazifua kwa sabuni, akazianika kwenye kamba katikati ya mashuka.

"Bibi arusi hawezi kukaa nyuma ya uchafu," alituambia.

Chef akaitukana moteri, maana shangazi hakuweza kumtukana. Kila waya ina silinda yake. Ukikosea, moto unafika kwa mwenye nyumba asiyekuwepo. Sisi tulijua moteri za silinda nne na sita. Ya silinda nane aliijua fundi mmoja wa Bukavu, na siku ile mpaka ulikuwa umefungwa, ng'ambo mizinga inalia.

"Tuchukue pikipiki," nikasema.

"Na lile gauni?" akauliza Papa Furaha. Alikuwa karibu kulia.

Chef akatoa bujie zote, zile plagi zinazowasha mafuta, yakabaki matundu manane. "Nataka vidole gumba vinane," akasema. "Kila muntu azibe tundu moja. Huyu msaidizi wangu ataizungusha moteri polepole kwa ufunguo. Upepo ukikusukuma kidole, silinda yako inangoja moto, sema 'ni mimi'. Ukikuvuta, nyamaza. Mimi nitaangalia delko, kisahani kinachogawa moto, kijiti chake kinaelekea wapi, na waya yako nitaichomeka hapo."

Wanakwaya wanne walikuwa wamekuja kusindikiza, wakashika upande wa kuume. Upande wa kushoto wakasimama Papa Furaha, mpiga picha wa arusi na shangazi, na wa nane hakuna. Furaha akatoka ndani na gauni lake jeupe, akakunja mkono, akaziba.

Mimi nikalala chini na ufunguo. Nikavuta.

"Ni mimi!" akaimba mwanakwaya wa sauti ya nne.

"Ni mimi," akasema mpiga picha.

"Ni mimi!" akapiga kelele shangazi, na hapo hapo nikasikia kasauti kadogo, "Ni mimi." Alikuwa Furaha. Bibi arusi hapazi sauti siku yake. Chef, kwa heshima, akamsadiki shangazi, maana ndiye mukubwa. Furaha akapewa waya iliyobaki.

Tukawasha. Imfizi akakohoa, akatema moto kwa karbirateri, maua ya arusi yaliyofungwa kwenye kapo yakaungua.

"Maman," Chef akamwambia shangazi, "sema kweli. Ulisukumwa ao ulivutwa?"

"Miye nasukumwa siku zote, Chef. Niliolewa."

"Maman!"

"Basi, nilivutwa kidogo. Nilitaka kusaidia."

Chef akabadilishanisha waya mbili, ya shangazi na ya Furaha. Imfizi akanguruma mpaka mashuka yakaanguka kwenye kamba.

Tulifika padri akiwa ameshika funguo za kanisa. Hatukuthubutu kuzima. Nikaachwa ndani ya gari, mguu kwenye gesi, misa nzima, na ngurumo yangu ikamfunika padri. Wanasema alimuuliza Furaha mara tatu kama anakubali, naye mwishowe akajibu kwa sauti iliyonifikia hata mimi.

Walipotoka, mama mukwe akamshika bibi arusi mikono, akaona kile kidole gumba cheusi cha grisi juu ya gauni jeupe. Akakigeuza, akakitazama. Papa Furaha akaharakisha kumuonyesha gari. Mama yule hakugeuka.

"Niliogopa tunaletewa mtu wa mujini," akasema. "Huyu atapanda mpunga."

Sasa nimestaafu, mgongo umekataa kulala chini ya magari. Vijana wananiita garajini kwao, nawaona wanachomeka waya moja tu na kioo cha kompyuta kinawaambia ugonjwa. Ni vizuri, wanarudi nyumbani mapema. Mimi moteri nyingine ya silinda nane sikuiona tena huku kwetu Cyangugu. Chef alikufa akiitukana Imfizi, na Papa Furaha hajaiuza mpaka leo: kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma, na shangazi haruhusiwi kukaribia kapo.